Saini ya kughushi kwenye mirathi: je, mwendesha mashtaka anaweza kuirudisha kesi mahakamani?

SWALI: Baba yetu alifariki Marangu, alikoishi maisha yake yote. Kaka yangu alifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo mjini Arusha bila kunishirikisha, na miezi mitano iliyopita akateuliwa kuwa msimamizi. Ameshauza kihamba, yaani shamba la migomba la familia. Muhtasari wa kikao cha ukoo alioupeleka una jina langu na saini ambayo si yangu, na mnunuzi ameanza kukata migomba. Mpwa wangu anayesoma China anasema kule mwendesha mashtaka husimamia hata kesi za madai na anaweza kuzirudisha mahakamani zisikilizwe upya. Je, nikienda ofisi ya mashtaka hapa Moshi nitapata msaada wa aina hiyo? – Msomaji, Moshi

JIBU: Dada, pole kwa msiba na kwa haya yaliyofuata. Nianze na jibu lenyewe kwa sababu muda unakwenda: hapana. Hapa Tanzania mwendesha mashtaka hana mamlaka ya kuigusa hukumu ya madai wala ya mirathi. Kwa kughushi saini yako anaweza kumshtaki kaka yako, na hilo nitalieleza, lakini uteuzi wa msimamizi hautenguliwi na hati ya mashtaka. Hutenguliwa na mahakama, tena kwa maombi utakayoyafungua wewe mwenyewe. Miezi mitano imeshapita. Usiimalize iliyobaki kwenye korido za ofisi isiyo na uwezo wa kukupa unachokitafuta.

Mpwa wako hajakudanganya. China ina utaratibu huo, na umeandikwa katika kifungu cha 14 cha sheria yao ya mwenendo wa madai: idara ya mashtaka inasimamia uhalali wa mashauri ya madai. Ikiona hukumu ina kasoro nzito, mathalani ushahidi mkuu umeghushiwa, hakimu amehongwa au mtu amehukumiwa bila kuitwa, idara ya ngazi ya juu inaweza kuwasilisha pingamizi rasmi, na mahakama inalazimika kuamuru usikilizwaji mpya ndani ya siku 30. Pengine ambalo hakukueleza ni kwamba tangu mabadiliko yaliyoanza kutumika mwaka 2013, mlalamikaji haendi kwa mwendesha mashtaka kwanza. Anaanza mahakamani kuomba kesi isikilizwe upya, kwa kawaida ndani ya miezi sita tangu hukumu ianze kuwa na nguvu. Mahakama ikimkatalia au ikikaa kimya kupita muda wake, ndipo mlango wa idara ya mashtaka unafunguka. Huko nako ana miaka miwili tu ya kuomba, idara hulichunguza ombi kwa miezi mitatu, na ikishaamua haombi tena. Kwa hiyo hata ungekuwa Beijing, swali la kwanza ungeulizwa ni hili: umeshakwenda mahakamani?

Nchi nyingine nazo zina mwendesha mashtaka katika kesi za madai, kila moja kwa kiasi chake. Ufaransa humpa nafasi ya kutoa maoni katika mashauri ya uzazi na ulezi. Kongo, iliyorithi sheria za Ubelgiji, ina desturi inayofanana na hiyo. Urusi humruhusu kufungua madai kwa niaba ya mtu asiyeweza kujitetea kwa sababu ya umri au afya. Enzi za Usovieti mamlaka hayo yalikuwa makubwa zaidi: angeweza kuomba hata hukumu ya mwisho ifutwe, bila ukomo wa maana. Romania ilibaki na mabaki ya mfumo huo, na mtu aliyerudishiwa nyumba ya familia kwa hukumu ya mwaka 1993 alijikuta ameipoteza tena mwaka 1995 baada ya Mwendesha Mashtaka Mkuu kuipeleka hukumu hiyo Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Brumărescu, ilisema huko ni kuvunja haki, kwa sababu hukumu iliyokwisha haiwezi kubaki mikononi mwa ofisa wa serikali aivunje siku atakayotaka. Mambo yakikunyookea, nawe utaihitaji kinga hiyo hiyo.

Kwetu mipaka imechorwa na Katiba. Ibara ya 59B inampa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai. Ibara ya 107A inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho katika kutoa haki ni Mahakama. Wanasheria wa serikali huingia kwenye madai kwa njia moja kubwa tu, yaani pale serikali yenyewe, halmashauri, shirika la umma au hata kijiji kinapokuwa na maslahi. Hapo anakuja Mwanasheria Mkuu kupitia Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, si mwendesha mashtaka. Likumbuke hilo kwa sababu moja: tangu mwaka 2020, ukitaka kukishtaki kijiji kwa sababu mwenyekiti wake aligonga muhuri kwenye mauziano, lazima utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu, na ufungue Mahakama Kuu. Watu wengi hukiweka kijiji kama mdaiwa wa pili bila kufikiri, na shauri zima hutupwa nje. Kama kijiji hakikuuza na hakidai kihamba, mwite mwenyekiti awe shahidi.

Kazi ya kukagua maamuzi ya mahakama ya chini tumeikabidhi mahakama ya juu yake. Kwako wewe njia ni mbili, na wengi huzichanganya na ya tatu ambayo si yako.

Hiyo ya tatu ni rufaa. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi. Mtu akikwambia umechelewa rufaa, usivunjike moyo, maana hukuwa mhusika katika shauri lile na asiyekuwa mhusika hana rufaa ya kukata. Usitumie fedha kumlipa mtu akuandikie maombi ya kuongezewa muda wa rufaa ambayo huna. Haki ya rufaa utaipata baadaye, ukishafungua maombi yako mwenyewe na kushindwa.

Njia ya kwanza, na ndiyo ningekushauri uanze nayo, ni kurudi Mahakama ya Mwanzo ile ile ya Arusha kuomba uteuzi utenguliwe. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971, zinataja sababu: mwenendo wa kupata uteuzi ulikuwa na kasoro ya msingi, uteuzi ulipatikana kwa ulaghai, ulitolewa bila mahakama kujua mambo ambayo yangeufanya uwe batili kisheria, umekuwa hauna kazi tena, au msimamizi anatenda kinyume cha masharti na kuwaumiza warithi au wadai. Una hoja katika sababu tatu za mwanzo, na huenda na ya tano.

Lakini kabla ya kuandika neno lolote, lisome jalada. Mwandikie barua Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo ukitaja namba ya shauri la mirathi, jina la marehemu na uhusiano wako naye, uombe kukagua jalada na kupewa nakala zilizothibitishwa. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukifika masjala, tafuta fomu ya maombi na orodha ya warithi iliyomo, tangazo la mirathi na mahali lilipobandikwa, muhtasari wa ukoo, mwenendo wa siku ya uteuzi, barua ya usimamizi, kisha Fomu Na. V na Fomu Na. VI. Fomu ya tano ni orodha ya mali na madeni, ya sita ni hesabu ya fedha zilizoingia, malipo yaliyofanyika na mali iliyouzwa au kuhamishwa. Msimamizi anatakiwa kuwasilisha ya tano ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na ya sita kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama. Kaka yako amepita miezi mitano. Kama ya tano haimo, hiyo ni hoja. Kama zimo, tazama kihamba kimeandikwaje, na fedha za mauzo zimekwenda kwa nani.

Fomu hizo zinabeba jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Msimamizi akishawasilisha hesabu na mahakama ikafunga mirathi, kazi yake imekwisha. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba hapo hakuna tena usimamizi wa kutengua. Ukikuta jalada limefungwa, njia ya kwanza imezibwa, uende moja kwa moja kwenye ya pili. Ndiyo maana nasema nenda Arusha wiki hii. Ni kilomita 80 hivi, na kukawia kwako kunaweza kumpa mwenzio nafasi ya kujaza fomu mbili na kumaliza mchezo.

Sasa hoja zenyewe. Wewe umeishika saini, na ni haki yako kukasirika. Hata hivyo usiiweke mbele peke yake. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni desturi inayoisaidia mahakama. Si sharti la kisheria la kumteua msimamizi, na Mahakama Kuu imelirudia hilo mara nyingi. Upande wa pili utasema: “Hata tukiuondoa muhtasari, kaka ni mtoto wa marehemu, anafaa kuteuliwa,” na hakimu anaweza kukubali. Hoja yako nzito kuliko zote umeitaja kwa kupita tu katika swali lako. Baba aliishi na kufia Marangu. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka juu ya mirathi pale tu marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake siku alipofariki. Arusha mjini si Marangu. Hoja ya mamlaka ikisimama, kila kilichojengwa juu yake kinaporomoka, tena haihitaji mtaalamu wa mwandiko. Inahitaji barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kifo kinachoonyesha mahali, na majirani wawili.

Hoja ya pili ni kutosikilizwa. Mirathi iliyofunguliwa mji mwingine tangazo lake hubandikwa mji mwingine, na mrithi wa Marangu asingeweza kuliona. Iwapo jina lako halimo kwenye orodha ya warithi, ni kuficha jambo muhimu. Iwapo limo pamoja na saini ya kughushi, hapo ndipo saini inapopata uzito wake kamili, maana inaonyesha mahakama iliaminishwa kwamba umekubali. Ulaghai lazima uueleze kwa kina: hati gani, ukurasa upi, saini ipi, siku ile ulikuwa wapi. Kiwango cha kuuthibitisha kwenye madai ni cha juu kuliko hoja za kawaida, ingawa hakifikii kile cha jinai. Maneno ya jumla kama “alidanganya mahakama” hayamfikishi mtu popote.

Katika Kilimanjaro hoja nyingine hujitokeza mara kwa mara, nayo ni dini. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu. Kama baba alifunga ndoa kanisani na maisha yake yote yanaonyesha aliiacha mila, mtu anaweza kudai kwamba hakuna Mahakama ya Mwanzo yoyote yenye mamlaka, si Arusha wala Moshi. Mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na alichokusudia, si cheti cha ubatizo pekee. Na mzee aliyegawa kihamba kwa mila ya Kichaga huku akiimba kwaya Jumapili ni kesi ngumu. Itumie hoja hii kwa tahadhari. Ukishinda kwayo, wewe pia utalazimika kufungua mirathi upya mahakama ya juu zaidi.

Pamoja na maombi ya kutengua, omba amri ya muda kwamba kihamba kisiguswe, kisiuzwe tena wala kubadilishwa hadi maombi yasikilizwe. Iombe siku hiyo hiyo ya kufungua, na uambatanishe picha za migomba iliyokatwa. Baadaye peleka nakala zilizopokelewa kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata. Nakala hizo pekee hazimzuii mtu kisheria, ila zinamwondolea yeyote atakayenunua baada ya hapo kisingizio cha kutojua.

Mahakama ikikataa maombi yako, saa ya siku 30 inaanza kugonga siku ile ile ya uamuzi. Hapa ndipo watu wengi huangukia. Husema “nasubiri nakala ya hukumu”, na nakala inatoka siku ya 45. Kwa rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo, nakala ya hukumu si sharti la kuambatanisha, kwa hiyo kuisubiri si sababu ya kuchelewa. Andika sababu zako kwa uliyoyasikia yakisomwa, wasilisha Mahakama ya Wilaya, nakala itafuata. Ukishindwa na huko, rufaa ya Mahakama Kuu nayo ni siku 30, na hati yake huwasilishwa kwenye Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, si dirishani kwa Mahakama Kuu. Ukichelewa utaomba muda kwa kiapo kinachoeleza kila siku uliyochelewa, hata moja isibaki bila maelezo. Uharamu unaoonekana waziwazi kwenye jalada, kama kukosa mamlaka, unaweza kukuokoa, lakini usiupange kuwa mpango wa kwanza.

Njia ya pili ni mapitio, yaani Mahakama ya Wilaya kuliita jalada la Mahakama ya Mwanzo na kukagua uhalali wa yaliyofanyika. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kile mpwa wako anachokiona China, na ndiyo stahili ya mtu ambaye hakuwa mhusika. Ina ukuta mmoja: miezi 12 tangu shauri limalizike Mahakama ya Mwanzo. Mawakili wanaweza kubishana kama mirathi isiyofungiwa hesabu imemalizika au la. Wewe usiingie kwenye ubishi huo. Hesabu kutoka siku ya uteuzi, ujue una miezi saba. Kwa kuwa shauri lilisikilizwa Arusha, ni Mahakama ya Wilaya ya Arusha. Ya Moshi italikataa. Mahakama Kuu nayo ina mamlaka ya usimamizi juu ya mahakama za chini, lakini ukiruka ngazi bila sababu utarudishwa chini ukiwa umepoteza muda.

Mnunuzi usimsahau. Amri yoyote itakayogusa haki yake bila kumsikiliza itakuwa na kasoro ile ile unayoilalamikia wewe, kwa hiyo mtaje kama mjibu maombi tangu mwanzo. Na usikimbilie Baraza la Ardhi na Nyumba Moshi kumshtaki kwa jina lako. Anayesimama kudai mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi, na kwa sasa msimamizi ni kaka yako. Utatupwa nje kwa kukosa haki ya kushtaki. Kwanza uteuzi utenguliwe, wewe au ndugu mwingine ateuliwe na mahakama yenye mamlaka, halafu msimamizi huyo ndiye amfuate mnunuzi. Kama mnunuzi atathibitisha kwamba alinunua kwa nia njema kutoka kwa msimamizi aliyekuwa na barua halali siku ile, kukirudisha kihamba kutakuwa kazi ngumu. Chunguza basi alilipa bei gani, kama anatoka ndani ya familia au jirani, na kama alijua mpo watoto wengine.

Sasa turudi kwenye mashtaka, maana yana nafasi yake. Kughushi, kuwasilisha hati ya uongo na kutoa kiapo cha uongo ni makosa ya jinai. Ripoti polisi, pata namba ya taarifa, na uombe jambo moja mahususi: mpelelezi aiandikie mahakama apate muhtasari halisi. Majalada mengi ya kughushi hufa kwa sababu polisi wana fotokopi tu, na mtaalamu wa maandishi hawezi kuifanyia kazi ya kuaminika. Mpe pia saini zako za kweli za kipindi kile kile, kama fomu za benki au mikataba, pamoja na sampuli utakazoandika mbele yake. Jalada likikamilika hupelekwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa, na huko ndiko waendesha mashtaka huamua kama ushahidi unatosha. Kaka yako akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukaisha, hukumu hiyo inakuwa ushahidi thabiti katika madai yatakayofuata kwamba alitenda kosa hilo. Faida ni kubwa, ila inaweza kuchukua miaka. Njia hizi mbili ziende sambamba. Maombi ya mirathi yasisubiri jinai.

Kama unashuku hakimu alihongwa, pa kwenda ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kama ni mwenendo mbaya bila rushwa, kuna kamati za maadili za maofisa wa mahakama za wilaya na mkoa, chini ya mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Hizo hushughulikia mtu, hazibadilishi uamuzi. Na kwa kuwa Arusha ina mahakama za kimataifa, utakutana na mtu atakayekuelekeza huko. Mahakama ya Afrika Mashariki si mahakama ya rufaa ya mirathi, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haipokei tena mashauri mapya ya mtu binafsi dhidi ya Tanzania, kwa kuwa nchi iliondoa tamko lake la kuruhusu hilo mwaka 2019 na hatua hiyo ikaanza kutumika mwaka uliofuata.

Nimeepuka makusudi kukupa namba nyingi za vifungu. Toleo la sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadili namba katika sheria kadhaa. Atakayekuandikia azitazame humo. Kama huna wakili, Moshi kuna shirika la KWIECO, na Arusha kuna ofisi ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Wote husaidia masuala ya mirathi. Nenda ukiwa na cheti cha kifo, cheti chako cha kuzaliwa, barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha makazi ya baba, nakala za jalada, picha za kihamba zenye tarehe, na saini zako za zamani. Barua ya mtendaji ianze kufuatwa leo, kwa sababu nakala za jalada zitakawia na hiyo unaweza kuipata kesho.